Mimi wa Mkalimani

Katika kazi zote ambazo mwanadamu hulipwa ujira kwa kuzifanya, sijui nyingine iliyo kama ukalimani, ambayo humlazimu mtu kusema “mimi” kutwa nzima pasipo kuitaja nafsi yake hata mara moja. Mkalimani hana ruhusa ya kusema kwamba mama huyu anadai alikimbia usiku. Sharti aseme, “Nilikimbia usiku,” na mama akilia yeye asilie, na mama akikosea tarehe yeye asiisahihishe, maana kilichokodiwa ni ulimi wake tu. Kanuni hiyo niliipokea ningali kijana katika kambi za Kibondo, wakati Warundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na wale waliowafuata katika miaka ya vita, walipokuwa wamejaa Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago. Nikaitumikia baadaye Kasulu, hadi mvi ziliponianza. Sikuchaguliwa kwa sababu ya elimu, ambayo ilikuwa ya kadiri, bali kwa sababu nilizaliwa Muhambwe, na Kiha tunachokisema nyumbani kimekaribiana na Kirundi hata Muha na Mrundi waweza kuuziana mbuzi, wakateta juu ya bei na wakapatana, kila mmoja akisema lugha yake.

Mahojiano yalikuwa ya namna nyingi. Yalikuwapo ya kuandikishwa na kupewa kadi ya mgao. Yalikuwapo ya wale wazee waliotoka Burundi tangu mwaka 1972, wakatangatanga Rwanda na Kongo kabla ya kufika kwetu, ambao Marekani ilikubali kuwachukua kwa maelfu kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Na yalikuwapo ya Mtabila, wilayani Kasulu, ambako watu wapatao 40,000 walihojiwa jamaa kwa jamaa ili ijulikane ni nani bado anastahili hifadhi, wakakubaliwa wasiofika 3,000, na kambi yenyewe ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Katika vyumba vile vya mbao na turubai, ambamo mlikuwa na meza moja, viti vitatu na faili, nilijifunza jambo ambalo shule haikunifunza, nalo ni kwamba kusema kweli ni kazi moja na kuaminiwa ni kazi nyingine, na kwamba hiyo ya pili ina fani yake, ambayo wengi wenye kweli tupu hawanayo, na baadhi ya wenye uongo wanayo tele.

Burundi kwenyewe mambo yalikuwa na utaratibu mwingine. Mbele ya bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa kila kilima, msemaji alianza kusema akiwa tayari ana akiba: baba yake alijulikana, mpaka wa shamba lake ulijulikana, na hata ulevi wake, kama alikuwa mlevi, ulijulikana na kuhesabiwa. Mbele ya meza ya mahojiano mtu yuleyule alikuwa hana baba, hana kilima, hana jirani wa kumdhamini. Alikuwa na maneno yake tu, nayo yalipita kinywani mwangu. Aristotle wa Uyunani, ambaye kitabu chake juu ya balagha kilifafanuliwa na Ibn Rushd wa Andalusia, alisema kwamba mambo yanayomvuta msikilizaji akubali ni matatu: tabia ya msemaji, hali ya moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Mkimbizi aliyeketi mbele yetu aliruhusiwa kuitumia ya tatu peke yake, tena kwa mpango wa maswali ya mtu mwingine.

Namkumbuka mwanamke mmoja aliyeulizwa alitoka kwao mwezi gani. Akajibu kwamba maharage yalikuwa yametoa maua. Afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, na ambaye siku hiyo alikuwa na faili nyingi kuliko saa, akalirudia swali lake: mwezi gani? Mwanamke akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akasema, “Mwanangu, mwambie ni maharage ya msimu wa kwanza.” Nikasema hivyo, kwa nafsi ya kwanza kama kanuni itakavyo, kwamba nilitoka maharage yangu ya msimu wa kwanza yakiwa yamechanua, na afisa akaandika kwamba mhojiwa hana hakika na tarehe. Mkulima yeyote wa nyanda zetu hizi, ambako maharage hupandwa mvua zinapoanza na hupandwa tena mwanzoni mwa mwaka, angalijua kwamba jibu lile lilikuwa tarehe, tena tarehe makini kuliko nyingi zilizotamkwa katika chumba kile. Lakini mkalimani hakuulizwa habari za kilimo, na faili likafungwa.

Ulikuwapo ushawishi wa aina nyingine kambini, nao ulibandikwa ukutani. Tangu safari za kuwarudisha Warundi kwao zilipoanza kupangwa mwaka 2002, mabango ya picha yalitokea penye bomba, penye ghala la mgao na penye zahanati, kwa kuwa waliojua kusoma walikuwa wachache, na picha ilidhaniwa kuwa haihitaji kusomwa. Bango ninalolikumbuka lilikuwa na kisanduku kimoja: baba ana jembe begani, mama ana mtoto mgongoni, nyumba ina bati, mgomba umezaa, jua linachomoza. Hapakuwa na kisanduku cha kabla yake, kuonyesha ni nani aliyekuwa akilala katika nyumba ile wenyewe walipokuwa uhamishoni, wala hapakuwa na cha baada yake, kuonyesha kesi ya ardhi itakayowangoja. Watu walilitazama, wakatwika ndoo zao, wakaenda zao. Sisemi kwamba lilidanganya, maana migomba Burundi ipo. Nasema kwamba picha moja iliyo peke yake hutoa amri, na mtu aliyeamriwa mara nyingi hujifunza kutosikia.

Sisi wenyewe, kwa upande wetu, tuliokua tukimfuata Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na baadaye tukanunua majarida ya Sani na Kingo kila yalipofika kwa basi yakiwa yamechelewa, tulizoea kwamba vibonzo ni vya kuwachekea walevi, wababaishaji na wakubwa wenye vitambi. Maisha ya mtu, pamoja na misiba yake, yalikuwa na mahali pake pa heshima, napo ni katika wasifu ulioandikwa kwa maneno. Kwa hiyo mpwa wangu, afundishaye Kiingereza katika sekondari moja ya hapa Kasulu, aliponiletea kitabu cha vibonzo kiitwacho When Stars Are Scattered, nilikipokea kwa adabu impasayo mtu aliyepewa zawadi, wala si kwa shauku.

Kitabu hicho kilichapishwa Marekani mwaka 2020. Waandishi wake ni wawili, Victoria Jamieson na Omar Mohamed, na rangi zake zilitiwa na Iman Geddy. Mwaka huohuo kilikuwa miongoni mwa vitabu vichache vilivyofika hatua ya mwisho katika tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani, upande wa vijana. Omar ni Msomali aliyekimbia vita pamoja na mdogo wake Hassan wangali watoto wadogo sana, wakalelewa Dadaab, kaskazini-mashariki ya Kenya, katika makambi yaliyofunguliwa tangu mwaka 1991, wakaishi humo utoto wao wote hata walipopata nafasi ya kwenda Marekani. Jamieson ni mchoraji Mmarekani aliyekutana naye Lancaster, Pennsylvania, ambako Omar, baada ya kupokewa yeye, alikuwa akiwapokea wengine. Mwislamu akilisikia jina la kitabu, lenye maana ya nyota zinapotawanyika, huenda akaikumbuka Suratul Infitar, itajayo kutawanyika huko, na sidhani kwamba kumbukumbu hiyo inakidhuru kitabu.

Nilipofika ukurasa wa tatu au wa nne nilisita, kwa sababu niliitambua kazi yangu. Katika kitabu kile Omar husema “mimi” kuanzia mwanzo hata mwisho, lakini mkono uliouchora uso wake, ukauamua unene wa nyusi zake na upana wa anga lililo juu yake, si wake. Ni wa mwanamke aliyezaliwa mbali na Dadaab, ambaye hakulala katika hema lile. Yaani mbele yangu palikuwa na mkalimani mwenzangu, akifanya kazi yangu kwa kalamu na wino. Swali nililotaka kumwuliza, laiti angalikuwapo, lilikuwa hili: wewe umewezaje kumfanya mtu wako aaminiwe, ilhali mimi, niliyekuwa na sauti yake na machozi yake mezani, nilishindwa kwa ajili ya maua ya maharage?

Sehemu ya kwanza ya jibu niliipata katika jambo ambalo mhojiwa asingethubutu kulisema mezani. Omar katika kitabu si mtakatifu. Hassan ana kifafa, na neno alitamkalo ni moja tu, “Hooyo,” maana yake mama. Kumwosha, kumlisha na kumtafuta anapopotea ni juu ya Omar, ambaye naye ni mtoto. Fursa ya kwenda shule inapomjia, furaha yake inachanganyika na hofu ya kumwacha ndugu yake, na hofu hiyo nayo inachanganyika na kitu kingine ambacho kitabu hakikifichi, nacho ni uchovu: nyakati nyingine Omar hutamani awe mtoto asiye na mzigo, na kisha hujichukia kwa kutamani hivyo. Katika miaka yangu yote ya ukalimani sikupata kumsikia mtu akiungama kwamba alimchoka mgonjwa wake. Hakuna fomu iliyo na mstari wa maneno hayo, na kila aliyeketi mbele yetu alijua, hata kama hakuambiwa, kwamba anayeomba hifadhi sharti awe safi kama kanzu ya Ijumaa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio: usafi ule ulimtia afisa shaka, ilhali doa dogo lililokiriwa lingalimfanya auamini msiba mkubwa uliofuata. Jamieson na Omar waliijua siri hiyo, au labda waliishika tu kwa kuwa wakweli. Vyovyote vile, wameirudisha ile nguzo ya kwanza ya Aristotle ambayo meza ya mahojiano iliing'oa.

Sehemu ya pili ni mpangilio. Mahojiano huanza na vita, kwa sababu vita ndiyo sababu ya kuwapo kwa mahojiano: eleza kwa nini ulikimbia, nani alikushambulia, ulimwona kwa macho au ulisikia? Kitabu hiki hakianzi hivyo. Huanza na maji, na foleni ya maji, na mpira uliofungwa kwa mifuko ya plastiki, na siku za mwisho wa mgao ambazo chungu hakina kitu. Huanza na Fatuma, mama mtu mzima aliyewapoteza wanawe, ambaye huwalea wavulana hawa wawili kana kwamba aliwazaa. Msomaji hukaa nao, akayajua mazoea yao na ugomvi wao, akawacheka na kuwahofia, ndipo baadaye sana, Omar anapoketi mwenyewe mbele ya maofisa wa Umoja wa Mataifa, habari ya siku ile shambani, ya baba yao na ya kutengana na mama, inapofunguka kwa utimilifu. Ninasema kwa uzoefu kwamba hapo kitabu kimeitendea kazi yetu jambo la kisasi na la haki kwa pamoja. Maswali ni yaleyale tuliyokuwa tukiyauliza. Afisa wa kwenye picha hana ubaya, kama wetu hakuwa na ubaya. Lakini msomaji, ambaye kwa kurasa nyingi ameketi upande wa hema, sasa anajikuta ameketi upande wa kiti cha mhojiwa, akiyasikia maswali kama yanavyosikika kutoka huko. Hakuna hoja iliyotolewa kwamba mahojiano ni mateso. Kiti kimegeuzwa tu.

Na sehemu ya tatu ni Hassan mwenyewe, ambaye ndiye sababu hasa ya kwamba kisa hiki kisingaliweza kuandikwa kwa maneno matupu kikabaki na nguvu ileile. Katika maandishi, mtu asiyesema hutoweka. Mwandishi asipomtaja kwa aya mbili, msomaji humsahau, na anapomtaja tena humrudisha kama mgeni. Katika picha hatoweki. Omar anaposoma, Hassan yupo pembeni ya kisanduku. Omar anapobishana na rafiki zake, Hassan ameketi chini na shughuli zake. Na Omar anapokuwa darasani, ile nafasi iliyo tupu kando yake humwuliza msomaji swali ambalo hakuna mtu katika kitabu aliyelitamka. Katika kambi zetu watu wa namna yake walikuwapo, na katika mafaili walikuwa mstari mmoja, chini ya kichwa cha mahitaji maalumu. Sikupata kumkalimania hata mmoja wao, kwa kuwa hapakuwa na cha kukalimani. Aliyesema alikuwa dada, au mama, au jirani, naye mwenyewe akikaa benchi nje na kutazama kuku.

Hapa lakini pana hatari, na ningekuwa mwoga kama ningeipita kimya. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Warundi wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo na wa mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, aliandika miaka kumi baadaye kwamba mkimbizi katika picha za dunia ni umati usio na majina wala historia, na kwamba wale waliokuja kumsaidia waliyaamini majeraha yake kuliko maneno yake. Alisema kweli, maana niliwaona wageni waliopiga picha magoti ya watoto. Je, Hassan si goti jingine, mwili bubu uliowekwa mbele ya msomaji ili atoe machozi na labda sadaka? Nimelifikiri swali hili muda mrefu, na jibu langu ni kwamba angalikuwa hivyo kama angalionekana mara moja. Lakini anaonekana katika ukurasa baada ya ukurasa, akiwa na furaha yake, ukaidi wake, namna yake ya kuwapenda watu na watu wa kumpenda yeye, na kurudiarudia huko ndiko kunakomgeuza kutoka mfano kuwa mtu. Bango lilikuwa na kisanduku kimoja, na kitabu kina mamia, na wingi huo katika jambo hili ni hoja, si pambo.

Mchoraji Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya fani ya vibonzo, alieleza kwamba kazi kubwa hufanyika katika ule ufa mweupe ulio kati ya kisanduku na kisanduku, ambamo msomaji mwenyewe huyatunga yasiyochorwa. Sikuwa nimemsoma nilipokuwa Mtabila, lakini kama ningalikuwa nimemsoma ningalielewa mapema kwa nini kungoja hakuelezeki mezani. “Umekaa hapa miaka mingapi?” huulizwa, na jibu huwa tarakimu, na tarakimu haina urefu. Kitabu hiki huionyesha ile karatasi ya majina iliyobandikwa, na watu wakilitafuta jina kwa kidole, na jina halipo; kisha maisha yanaendelea, maji yanachotwa, na karatasi nyingine inabandikwa. Wakati wote ulio katikati umo katika ufa mweupe, na msomaji huulipa yeye mwenyewe kwa subira yake. Wasichana nao wamepata haki yao kwa njia hiyohiyo: mmoja wao, mwenye akili kuwashinda wavulana wa darasa lake, anaozwa na kuacha masomo, na hakuna anayesimama kutoa hotuba juu ya elimu ya mwanamke, anakosekana tu mahali alipozoea kuwapo. Nimesikia hotuba nyingi za aina hiyo chini ya mwembe, na sikuona hata moja iliyowanyamazisha wanaume kama ukurasa ule ulivyoninyamazisha.

Mwishoni kuna maneno ya waandishi wote wawili, kila mmoja kwa nafsi yake, na kuna picha za kamera za Omar na Hassan wenyewe. Wapo watakaosema kwamba picha hizo ni hila ya mwisho, ithibati iliyowekwa ili atakayekuwa bado na shaka aione sura halisi na akubali. Ni hila, nakubali, lakini ni hila ya kiungwana, kwa sababu pamoja na kuthibitisha kisa, huufichua ukalimani: hapo ndipo inapodhihirika kwamba uso tuliokuwa tukiufuata ulikuwa tafsiri, na kwamba aliyetafsiri ana jina na anajitaja. Mkalimani wa mahojiano yetu hakuwa na ukurasa wa namna hiyo. Jina langu halimo katika faili lolote nililolisema.

Mwanamke anayeuza maharage karibu na nyumba yangu, ambaye hajui Kiingereza na ambaye kwa heshima ya mvi huniita babu, alikiona kitabu mezani siku moja akakifungua akinisubiri nimtafutie chenji. Hakukisoma, maana hakuweza. Aliyapitisha macho kutoka picha hadi picha, akilowesha kidole, akirudi nyuma pale alipoona amepitiliza. Nikarudi na chenji, hakuipokea. Akaweka kidole juu ya yule mvulana mdogo, akauliza, “Babu, mwenzake akienda shule, huyu anabaki na nani?” Lile lilikuwa swali la kitabu kizima, swali lililomtesa Omar kwa kurasa mia na zaidi, naye alikuwa amelichukua kutoka katika karatasi bila msaada wa neno hata moja, wala la mwandishi wala la mkalimani. Nikamwonyesha Fatuma. Akamtazama Fatuma kwa muda, kama mtu anayempima mtumishi kabla ya kumwajiri, akasema, “Haya, huyu anaonekana ana moyo,” ndipo akapokea chenji yake.

Sikutaka ushahidi mwingine juu ya nguvu ya kitabu, lakini nilitaka ushahidi juu ya upungufu wake, nao niliupata Makere. Huko kwa miaka mingi wenyeji wamekuwa majirani wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliovuka ziwa, na ambayo baada ya Warundi kukimbia tena mwaka 2015 ilipata kuwa na watu zaidi ya 130,000, wengi kuliko baadhi ya miji yetu. Nilimpelekea kitabu mzee mmoja rafiki yangu, mkulima, ambaye tumejuana tangu enzi za kambi za kwanza. Alikichukua siku kadhaa, akasaidiwa na mjukuu wake, akanirudishia na kusema, “Ndugu yangu, kitabu ni kizuri na yule mtoto ameniuma. Lakini nchi ile haikuwa na wenyewe? Sisi tumechorwa ukurasa gani?”

Ni kweli kwamba wenyeji waliokuwa katika nchi ile kabla ya makambi hawana nafasi yoyote kubwa katika kisa hiki. Kitabu kiliwalenga watoto wa Marekani wa umri wa miaka tisa na zaidi, na kwa hao ulimwengu una pande mbili: kambi, na mahali pa kufikia. Ushawishi wowote huchagua ni nani atakayekuwa hayupo, na aliyechaguliwa hapa ni mtu kama rafiki yangu, ambaye msitu wake wa kuni uliishia mekoni mwa wageni, ambaye mihogo yake iling'olewa usiku, ambaye aliambiwa kwamba mkimbizi haruhusiwi kupita kilomita nne kutoka kambini, na ambaye aliwaona wakipita kila asubuhi, wengine wakienda kulima shamba lake mwenyewe kwa ujira aliowalipa yeye.

Nilimwambia kwamba kitabu chake kinaweza kuchorwa, na kwamba vijana wenye mkono mzuri wapo, wa kijijini na wa kambini. Lakini kama anataka kiaminiwe, sharti afanye alivyofanya Omar, akubali kuchorwa na doa lake. Akaniuliza ni doa gani. Nikamkumbusha mafuta ya mgao, yale ya madebe ya msaada, aliyokuwa akiyanunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa wanawake waliotaka chumvi na sabuni, na shitingi, yaani yale maturubai ya msaada, zilizoezeka banda lake la mbuzi kwa miaka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka. “Basi mafuta yawemo,” akasema, “lakini na mihogo yangu iwemo, tena kwanza.” Nikamwambia kwamba ikitangulia mihogo, msomaji atamwona kuwa mlalamikaji, na mafuta yatakapokuja yataonekana kuwa yalifichwa; lakini yakitangulia mafuta, mihogo itaaminiwa. Yeye akashika lake, kwamba anayekiri kabla ya kushitakiwa ni mpumbavu, na kwamba hata mbele ya Mwami, mtawala wa jadi wa Heru, enzi za wazee wake, mtu alianza na haki yake. Tumekubaliana kwamba viwe katika ukurasa mmoja. Kipi kitangulie, mpaka sasa hatujaafikiana, na yule kijana tuliyemwomba achore anasema hawezi kuanza hadi tumwambie.